Mama Kifungo Wawili

Watu wa kwanza kuja kutoa pole walimkuta marehemu akichambua mchele.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni pa jikoni, ungo mapajani, miwani imemshuka hadi ncha ya pua, anaokota vijiwe na kuvirusha uani kama mtu anayelipiza kisasi. Wageni walikuwa watatu: jirani wa nyumba ya kona, dada yake jirani, na muuza mkaa aliyeungana nao njiani. Jirani alianza kulia tangu getini. Alipouona ungo unachezeshwa, kilio kilikatika, akabaki mdomo wazi.

"Karibuni," akasema mama. "Mbona mnalia? Nani kafa?"

Wakatazamana. Muuza mkaa, ambaye hakuumbwa na haya, ndiye aliyejibu.

"Wewe, mama."

"Mimi?"

"Redio imetangaza asubuhi hii, baada tu ya taarifa ya habari. 'Mama Kifungo hatunaye tena.' Nimesikia kwa masikio yangu haya mawili."

Mama aliyatazama yale masikio mawili, kisha akautua ungo chini taratibu, mchele usimwagike.

Ilibidi uwe mtu wa mtaa ule ndipo ukosee namna hiyo. Miaka thelathini na saba nyuma, kila Alhamisi jioni, televisheni ilionyesha mchezo wa familia moja ya kimaskini, na kitinda mimba wa familia ile alikuwa mtoto wa miaka saba, mfupi, wa mviringo, mwenye mashavu ya kufinywa. Jina lake mchezoni lilikuwa Kifungo. Mtoto alirudi nalo nyumbani kama mtu anavyorudi na mafua, ila hili halikumtoka tena. Mkewe alimwita hivyo, msimamizi wake kazini alimwita hivyo, na karani wa benki aliyemwandika kwa jina la kwenye cheti humwita hivyo hivyo akishapiga muhuri. Na kwa kuwa kwetu mama huitwa kwa mwanawe, nchi nzima ilimwita Mama Kifungo yule mwigizaji aliyekuwa mama yake ndani ya televisheni. Aliyemzaa aliitwa hivyo na mtaa mmoja tu, tena mtaa mfupi.

Mwenyewe Kifungo wakati huo alikuwa mitaa minne mbali, amechutama kwenye shimo la mita ya maji, anafuta matope kwenye kioo ili asome namba. Simu ya msimamizi wake ilimkuta hapo. "Pole sana, ndugu yangu. Tumesikia redioni habari za mama. Acha kila kitu, nenda nyumbani." Kifungo aliacha kila kitu kweli. Kitabu cha mita alikiacha juu ya ukuta wa watu, kalamu ikabaki shimoni, na mwanamume wa miaka arobaini na minne mwenye kitambi akakimbia barabarani mchana kweupe, watu wakimpisha.

Alipofika, wageni walikuwa wameshapewa chai. Alimwona mama yake, akakaa kizingitini. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akashikwa na kwikwi, mkewe akaja mbio na kikombe cha maji, vidole vimejaa mafuta ya nywele kwa kuwa alikuwa katikati ya kumsuka mteja.

"Sasa," akasema muuza mkaa, akichovya mkate, "kama aliyekufa si huyu, ni nani?"

Hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba ni yule wa kwenye televisheni. Kwikwi ya Kifungo ilikatika yenyewe. Akainama, akawa anabandua tope kwenye kiatu chake kwa ukucha, kipande kwa kipande.

Mama alimtazama. Kisha akauvuta ungo wake.

"Nilipokufa mimi ulikuja ukacheka," alisema. "Alipokufa yeye, tazama ulivyonyauka."

"Mama, nimecheka kwa kuwa upo."

"Najua kwa nini umecheka. Mimi si mtoto."

* * *

Alasiri akaja kaka wa yule mwigizaji, marehemu wa kweli. Alikuwa mwalimu mstaafu, suti ya kijivu iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa magotini, bahasha kwapani. Kifungo na mkewe walimpa shikamoo, akaitikia kwa sauti ya mtu aliyezoea kuitikia watoto arobaini kwa mpigo. Mama alimpa pole na akamsogezea kiti kizuri. Mpaka hapo mambo yalikuwa sawa.

"Nimekuja na ombi," alisema mwalimu, akatoa karatasi. "Tulipoandika wasifu wa marehemu, tulikwama pale pa watoto. Dada yangu hakujaaliwa. Tukatazamana, tukaona pasiachwe wazi, watu watakuwa wengi na televisheni itakuwepo. Basi tumeandika hivi." Akavaa miwani. "'Ameacha kaka mmoja na mtoto mmoja, Kifungo.'"

Uani kuku alikuwa anaparua.

"Mmeandika, au mnataka kuandika?" mama aliuliza.

"Tumeshachapa, mama. Nakala mia tano."

"Ahaa."

"Tunaomba Jumatatu akae na sisi familia, mstari wa mbele. Aseme maneno machache." Mwalimu akamgeukia Kifungo, sauti ikalegea. "Kijana, dada yangu alikutaja mpaka mwisho. Na watu hawajasahau machozi yako. Ukiweza kumlilia kama ulivyokuwa ukimlilia, utakuwa umetusitiri."

Kifungo alijua kwamba alipaswa kumtazama mama yake kabla ya kujibu. Lakini ilikuwa imepita miaka mingi tangu mtu yeyote amwombe kitu ambacho msoma mita mwingine asingeweza. Alijikuta mgongo umenyooka kitini.

"Nitakuja, mwalimu. Nitazungumza."

"Mwanangu alishakodishwa mara moja," mama alisema. "Hakodishwi tena."

"Mama, msiba haukodishi mtu."

"Haukodishi? Umeandikwa kwa maiti bila mtu kubisha hodi hapa. Mama yako yupo, ana meno yake yote isipokuwa matatu, na karatasi mia tano zinasema hayupo." Akasimama, akishikilia goti. "Mwalimu, chai yako inapoa, kunywa. Msiba nakupa pole kwa moyo wangu wote. Wewe Kifungo, sikia. Ukikaa kwenye kiti hicho Jumatatu, ukirudi hapa hunikuti. Dada yangu ana chumba."

Alikwenda chumbani kwake, na tangu saa ile mpaka giza lilipoingia walimsikia akifungua na kufunga kabati.

Msimamizi naye alipiga simu jioni ile. Alikuwa ameujua ukweli na hakufurahi. "Siku tatu za msiba nimezisaini mimi," alisema. "Fomu ina mzazi, ina mke, ina mtoto. Haina mama wa kwenye televisheni." Kifungo aliomba apewe Jumatatu tu, ikatwe kwenye likizo. Ile bahasha ya rambirambi ambayo wenzake walikuwa wameshaichangia na kumletea, akaambiwa wamekubaliana akae nayo, siku mama mwenyewe akiondoka hawatachanga tena. Aliirudisha asubuhi yake kwa mlinzi wa ofisi bila kuifungua.

* * *

"Sisi kwetu tulikuwa hatuna televisheni," mkewe alisema. Walikuwa chumbani, yeye anachambua nywele za kusukia, Kifungo amesimama mbele ya kioo. "Tulikuwa tunakwenda kwa mwenye duka. Alhamisi hiyo sebule inajaa mpaka watu wanakalia miguu ya wenzao. Ukianza tu kutetemesha mdomo, mama yangu anasema, 'Tayari, huyo, ananiua.' Na wewe hulii haraka. Unaangalia kwanza. Unaangalia kana kwamba umeona kitu."

Kifungo alitabasamu kiooni. Hakuchoka kuisikia hadithi hii, na mkewe, Mungu ambariki, hakuchoka kuisimulia.

"Nyumba ilikuwa na kuta tatu," alisema. "Ukuta wa nne ndiyo kamera. Nje ya dirisha kulikuwa na kilima cha kitambaa, kina kiraka. Jiko halina moto, mvuke wanautoa kwenye birika chini ya meza. Na yeye, mama wa mchezoni, alikuwa ananuka poda na sigara, alikuwa anavuta kwa kujificha. Tukisubiri taa, ananipakata. Ananiita bwana mkubwa. 'Bwana mkubwa, sema tena ule mstari.' Mimi nasema, 'Nimeshiba hewa!' Anacheka kila mara kama ndiyo mara ya kwanza."

Nimeshiba hewa. Kifungo wa mchezoni aliisema siku chungu kilipokuwa kitupu, akijipiga tumbo, na tangu siku ile nchi nzima iliisema. Hata sasa, akikata maji ya asiyelipa, hakosekani mtu wa kutokeza dirishani na kumpigia kelele, "Leo tumeshiba hewa, Kifungo!" Na mitaani vijana ambao hawakuwa wamezaliwa humwomba aiseme huku wakimrekodi kwa simu. Huisema. Akikataa wanasema anaringa.

Mchezo ulikufa alipotimiza miaka kumi na mmoja. Baadaye alitangaza sabuni, akatangaza biskuti, na alipofika kumi na minane akapewa nafasi ya tarishi anayeingia, anaweka barua mezani, anatoka. Aliingia, akaweka, akatoka, na mwongozaji mpya akamwambia anatembea kama mtu anayesubiri kupigiwa makofi. Kikundi cha maigizo alichojiunga nacho kilisambaratika kwa ugomvi wa nani ni mweka hazina. Baada ya hapo ni kuuza viatu, kubeba vyuma, kisha mita. Katika yote hayo alibaki na kitu kimoja ambacho hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Waigizaji wakubwa wale, wenye majina, walikuwa wakitiwa dawa machoni ili walie. Yeye hakutiwa kitu. Mwongozaji alisema "Tayari?", na machozi yakaja. Alizaliwa nacho.

"Hebu sasa," mkewe alisema. "Nionyeshe."

Kifungo alijitazama kiooni. Akalegeza uso, akatazama mbali. Akasubiri. Akafikiria marehemu, poda, sigara, kilima chenye kiraka, na kweli moyo ulimuuma. Macho yakabaki makavu kama bomba la mwisho wa mwezi. Akafumba, akafumbua, akakunja midomo.

"Unataka kupiga chafya?" mkewe aliuliza.

Wakacheka wote wawili, wakacheka mpaka wakashikana. Chumba cha pili kabati likafungwa kwa kishindo.

* * *

Jumapili mchana Kifungo alimkuta mama yake ameshafunga sanduku, amelikalia. Juu ya kitanda kulikuwa na mkoba wake mweusi wa mikono miwili, na pembeni karatasi ya mwalimu aliyoiacha jana.

"Mama, unataka niseme nini? Aliniogesha kwa mikono yake yule mwanamke. Alinifundisha kusoma. Nimwache azikwe kama mtu ambaye hakuwahi kunijua, kisa jina? Wivu wa miaka thelathini na saba, Mama?"

"Wivu." Mama alilionja lile neno. "Kaa hapo kitandani. Usinitazame."

Akakaa. Akatazama dirisha.

"Unajua ulikuwa unalia vipi?"

"Najua. Nilikuwa nafikiria tu."

"Unafikiria nini?"

Kifungo alikwaruza shuka kwa ukucha. Alikuwa amelisema jambo hilo kwa watu wengi, kwa miaka mingi, na hakuna aliyewahi kumuuliza swali la pili.

"Siku ya kwanza ulikataa kulia," mama alisema. "Walikubembeleza, wakakufinya, ukawa unacheka. Mwongozaji akaniita pembeni, akaniuliza, 'Mtoto wako anaogopa nini?' Nikamwambia ukweli. Baba yako alikuwa ametuacha mwaka ule ule. Kila nikishika mkoba, hata wa kwenda dukani, ulikuwa unaning'ang'ania gauni. Yule bwana akasema, vizuri sana. Akanisimamisha nyuma ya kamera, mahali unaponiona. Akasema nikikupa ishara, chukua mkoba, geuka, ondoka. Usitazame nyuma, maana akikuona umetazama atajua utarudi. Nikasita. Akacheka, akaniambia, mama, mchelea mwana kulia hulia yeye."

Nje mteja wa mkewe alikuwa anauliza bei ya kusuka.

"Nikaondoka. Nikatoka mlangoni, nikafika mpaka kwenye ngazi. Nikakusikia. Halafu nikasikia makofi."

"Siku hiyo."

"Kila siku uliyolia, mwanangu. Miaka minne. Watu wanasema Kifungo alikuwa anamtazama Mama Kifungo kwa uchungu. Hukuwa unamtazama yeye. Ulikuwa unapitisha macho begani kwake, unanitazama mimi nikienda."

Kifungo alitoka. Hakujua anakwenda wapi, akajikuta bombani uani, akafungua maji, akafunga, akafungua tena. Mita ilizunguka, ikasimama, ikazunguka. Aliporudi chumbani sauti yake haikuwa ya mtu wa miaka arobaini na minne.

"Kwa hiyo sikuwa najua kuigiza."

"Ulikuwa na miaka saba. Ulikuwa unalia."

"Nimesoma mita miaka kumi na tisa, Mama. Nimechutama kwenye mashimo ya watu, watoto wao wananichekea, mimi nasema moyoni, nyie hamjui mlichokuwa nacho mbele yenu. Hilo moja ungeniachia."

"Ningekuachia. Nilikuwa nife nalo." Mama alianza kujipangusa pua kwa upindo wa mtandio. "Lakini yule mzee amekuja kutaka ukamlilie dada yake kwa machozi yale. Na katika watu wote waliokuwa mle ndani, dada yake huyo ndiye pekee aliyeyakataa. Ilikuwa ule mchezo wa hospitali. Ulipigwa picha mara nne, hawaridhiki. Mara ya nne mwongozaji akasema basi, watu wakapiga makofi, na wewe hukunyamaza. Yule mwanamke akakuweka chini, akanifuata mpaka kwenye ngazi na nguo zake za mchezo. Akaniambia, 'Mwenzangu, rudi. Mtoto bado anatetemeka. Tusimfanye hivi tena, mimi nitawaambia.' Na aliwaambia kweli, wakamtishia kumwondoa."

"Ukamjibu nini?"

Mama aliukunja upindo wa mtandio.

"Nilikuwa na kodi ya miezi mitatu," alisema. "Nilikuwa nimekusikia ukilia siku nzima. Nikaona huyu anayekupakata, anayeitwa jina langu na watu wote, ndiye sasa anakuja kunifundisha huruma. Nikamwambia, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wewe umezaa nani?"

Akalishika sanduku kwa mikono miwili, huku na huku.

"Aliniinamia tu kichwa, akarudi ndani. Hatukusemeshana tena. Alipougua mara ya kwanza nilivaa nikafika mpaka kituoni, nikarudi. Mara ya pili nikasema wiki ijayo. Jana muuza mkaa ananiambia Mama Kifungo kafa, mimi nimekaa na ungo wangu. Wivu ungekuwa jambo jepesi, baba. Namwonea haya yule mwanamke."

Kifungo hakumshika mkono. Alikuwa na hasira bado, na hasira ya mtoto kwa mama haina pa kwenda, huzunguka nyumba ile ile. Mama alipoinuka, Kifungo alichukua sanduku, akalirudisha juu ya kabati kwa sababu lilikuwa zito na mama hapaswi kubeba vitu vizito, kisha akaondoka akaenda kukaa peke yake hadi chakula kilipoiva.

* * *

Jumatatu asubuhi alimkuta amevaa. Gauni la kijani, mtandio wa kijani, mkoba mweusi.

"Twende," alisema. "Nitahamia wapi na magoti haya?"

Ukumbi ulijaa mpaka nje. Watu wa rika la Kifungo walikuja na watoto wao, wakiwaonyesha kwa kidole. "Yule? Yule mwenye kitambi?" Mwalimu alimpeleka mstari wa mbele na kumkalisha kwenye kiti chenye karatasi iliyoandikwa MTOTO. Mama alikaa mstari wa sita, pembeni ya nguzo, alikotaka mwenyewe. Wasifu ukasomwa, ukafika pale, watu wakaguna kwa huruma, na kijana wa televisheni akageuza kamera.

Alipoitwa kwenye kipaza sauti, simu ziliinuka ukumbi mzima. Wengi walikuwa wameshatoa vitambaa, tayari kulia naye kama zamani. Kifungo alizitazama zile simu. Akasafisha koo.

"Karatasi inasema mimi ni mtoto wake," alisema. "Samahani, mwalimu. Mama yangu ni yule pale kwenye nguzo, mwenye kijani."

Vichwa viligeuka. Mama akautazama mkoba wake.

"Marehemu alikuwa mfanyakazi mwenzangu. Mimi nilikuwa na miaka saba, yeye thelathini na kidogo. Kazi yangu ilikuwa kulia, na watu wazima wote pale walifurahi nikilia vizuri. Yeye alikuwa mtu mzima pekee aliyesema mtoto amechoka, aachwe. Walitaka kumfukuza kwa hilo. Nimelijua jana tu, sikupata kumshukuru. Ndilo nililokuja kusema."

Akasubiri kidogo kwa ajili yao, akavionea huruma vile vitambaa. Chozi halikuja.

"Hata moja, Kifungo!" mtu alinong'ona kwa nguvu kutoka nyuma. Mwingine akasema, "Kashiba hewa," na kicheko cha chinichini kikapita, kikazimwa kwa kukohoa. Kijana wa kamera alishusha mashine yake begani. "Asante, inatosha," alimwambia, kwa sauti ya kumwambia mtu akae kando. Mwalimu alimpa mkono, mkono mkavu, akasema amesema vizuri, kisha akaikunja karatasi yake mara mbili na kuitia mfukoni.

Makaburini watu walikuwa nusu. Kifungo alitupa udongo kama wengine, akarudi nyuma. Udongo ulipokwisha kujaa, magari yakaanza kuwashwa, televisheni ikaondoka, wenye simu wakaondoka, na wakabaki wachimbaji wawili wanaokusanya zana zao, na mama na mwanawe chini ya jua.

"Ngoja hapa," mama alisema. "Nina neno langu na yule. Usinifuate."

Akaupachika mkoba begani, akageuka, akaenda. Njia ilipita katikati ya makaburi, nyembamba, na yeye alitembea akichechemea, mgongo umepinda kidogo, mtandio ukimpepea mabegani. Hakutazama nyuma.

Mdomo wa Kifungo ulianza kutetemeka. Alidhani ni jua. Akaukaza, ukamshinda. Kitu kilipanda kutoka mahali asipopajua, chini kabisa, kikamjaa kifua, na kabla hajatafuta kitambaa machozi yalikuwa yameshafika kidevuni. Alikuwa mtu mzima mwenye mke na kitambulisho cha idara ya maji mfukoni, na alijua vizuri kwamba mama yake anakwenda hatua ishirini tu. Alilijua, na halikumsaidia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, mikono inaning'inia.

Mama alikuwa ameshafika kaburini, ameinamisha kichwa, midomo inacheza. Alisema alichosema, na hakukifupisha. Ndipo akasikia, akageuka.

Alirudi mbio. Kwa magoti yale, mbio zilikuwa ni kuyumba huku na huku, mkoba ukimpiga ubavuni, kiatu kimoja kikabaki njiani.

"Nipo!" alikuwa anaita kabla hajafika. "Nipo, baba! Nimerudi, mimi huyu, sijaenda popote!"

Akamfikia, akamshika mashavu kwa viganja vyenye udongo, akamvuta kichwa mpaka begani kwake, ingawa ilibidi mwanamume yule apige magoti ili kifike. Kifungo aliling'ang'ania gauni lake. Alishindwa kunyamaza, na mama hakumwambia anyamaze. Aliendelea kumwambia yupo, yupo, mpaka mmoja wa wachimbaji akasogea, akaomba radhi, akasema wamekanyaga sepetu lake, ila wasiwe na haraka, atasubiri.